Jiko la Glodie na Mizigo ya Shangazi

Kalemie, tarehe 12 mwezi wa kwanza 2023

Shangazi Louise,

Heri ya mwaka mpya, ingawa barua hii ikikufikia mwaka wenyewe utakuwa umeshachakaa kidogo. Tangu Noeli nimekupigia simu mara nne. Mara tatu haikuita. Ile ya nne nilikusikia ukisema "halo" kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa, ikakatika. Basi nimekubali neno lako kwamba habari za maana huandikwa. Pontien anapakia saruji hapa kuipeleka Moba, na ameniahidi kupandisha barua na lori lake mpaka mlangoni kwako Kirungu.

Sisi ni wazima. Rubens bado yuko kiwandani Kabimba, anarudi Jumamosi na vumbi lake na kuondoka Jumatatu. Abigaël ametimiza miaka sita, meno mawili ya mbele yameng'oka, anasoma vizuri ila mwalimu analalamika kwamba anaongea mno. Nilimwambia mwalimu hiyo ni damu ya ukoo wa baba yangu, haina dawa.

Habari kubwa ni hii: jiko limekwisha. Ungeliona, usingejua ni lile la zamani ambalo maji yaliliharibu. Vigae vyeupe kuanzia chini mpaka kwenye dirisha, meza ndefu ya kuandalia, makabati yenye milango inayofunga sawasawa, na sinki lenye maji yanayotoka siku yanapotaka. Na juu ya meza hakuna kitu. Ninarudia, Shangazi, hakuna kitu. Tuna sahani sita, vikombe sita, masufuria manne na visu viwili, na kila kimoja kina mahali pake ndani ya kabati. Kikiingia chombo kipya, kimoja cha zamani lazima kitoke. Nimejiwekea sheria hiyo na nimeiandika upande wa ndani wa mlango wa kabati ili Rubens asiseme hakuambiwa. Kila jioni nafuta meza, nasimama mlangoni, natazama, na roho inatulia.

Majirani hawaelewi. Mama wa nyumba ya pili aliingia juzi kuomba chumvi, akageuka huku na huku, akaniuliza, "Mama Abigaël, vyombo biko wapi? Munahama?"

Asante kwa gunia la maharage na viazi. Chakula tuma wakati wowote, kinaliwa na kwisha. Ila yale matenga matatu na birika ulivyotuma pamoja nalo, naomba radhi, nimevigawa. Nakuomba kwa adabu usinitumie vyombo tena. Jiko hili nimelipigania.

Mtoto wako,
Glodie


Kirungu, tarehe 5 mwezi wa pili 2023

Glodie mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaanza kuruka mistari kutafuta jambo lenyewe, kwa hiyo tulia, salamu kwanza. Mimi mzima. Mvua haijapumzika tangu sikukuu ya Epifania, na njia ya kushuka Moba ni matope matupu, watu wanashuka wameshika viatu mkononi. Goti la kushoto linanisumbua na la kulia limeanza kuliiga. Kanisani nimehama kutoka kiti cha mbele kwenda cha nyuma, karibu na mlango, ili nikisimama kwa shida asinione mtu.

Jumanne Floribert alikuja. Unamkumbuka, mtoto mkubwa wa marehemu mume wangu Gaspard kwa mke wake wa kwanza. Alikuja na utepe wa kupimia na mtu mwingine wa kuandika namba. Alipima sebule, akapima chumba, akapima hata banda la kuku. Nilimpa chai. Alikunywa, akashukuru kwa heshima, akaniambia maneno mengine ambayo si ya barua.

Nimefurahi kwa ajili ya jiko lako. Nimejaribu kuliona kichwani na nimeshindwa mahali fulani, kwa hiyo nakuuliza. Dirisha linatazama wapi? Kuna mahali pa mtu kukaa wakati wengine wanapika? Na kile chumba kidogo nyuma ya jiko, nilimokuwa nikilala nikija kwenu, siku hizi mnakitumia kwa kazi gani?

Kuhusu sahani sita, sisemi kitu. Siku wakija wageni saba, yule wa saba utanieleza alikula mkononi mwa nani.

Najua ulivyoniomba. Hata hivyo nimempa Pontien kinu changu na mchi wake, pamoja na mabeseni mawili ya bati. Kinu usikidharau. Sombe, yale majani ya mihogo yaliyokulisha miaka yote sita ya sekondari, tulipokuwa bado Kalemie na Gaspard anafanya kazi bandarini, ilitwangwa humo. Mimi sitwangi sana sasa. Nyumba hii imebaki na vitu vingi kuliko watu, na nisingependa vitu vyangu viguswe na watu wasiojua vilikotoka.

Mbusu Abigaël. Mwambie aendelee kuongea.

Shangazi yako,
Louise


Kalemie, tarehe 4 mwezi wa tatu 2023

Shangazi,

Pole kwa magoti yote mawili. Nimemwomba dada mmoja wa zahanati anieleze dawa ya kupaka, nimemkabidhi Pontien chupa, usiigawe kwa jirani kama ile ya mwaka juzi. Huku tu wazima. Mvua ni nyingi kwetu pia, na mimi mvua siipendi, unajua.

Sasa kinu. Shangazi, naomba unisikilize bila kucheka. Pontien alikishusha akisaidiwa na wanaume wawili, na kwa kuwa sikuwapo nyumbani, wakakiweka katikati ya jiko, juu ya vigae. Nimerudi nakuta kigae kimoja kina mkwaruzo mrefu. Kinu hakiingii kwenye kabati lolote duniani. Nimekitoa nje nyuma ya nyumba, nikadhani nimemaliza. Kesho yake wanawake wa majirani wakakigundua. Sasa kila siku saa tisa wanakuja kutwanga sombe yao, wanaimba, wanaingia kuomba maji, wanaacha majani mlangoni, na mmoja ameshaniletea ungo wake nimtunzie "kwa sababu wewe una nafasi". Mabeseni nimeyapa kwaya ya parokia.

Wageni saba walikuja, kama ulivyoniombea mabaya. Walikuwa kumi na wanane, kikundi cha sala cha Alhamisi. Walikula kwa zamu, sita sita, na mimi nikiosha katikati. Mmoja akasema, "Leo tunakula sawa watoto ya masomo," wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mimi nilicheka kwa meno tu. Na Rubens hanisaidii hata kidogo. Anafika Jumamosi, na kabla ya misa ya Jumapili meza yangu ina kofia ya kiwanda, ufunguo wa pikipiki, redio na chupa ya asali ambayo hakuna aliyemwomba.

Umeniuliza mambo matatu. Dirisha linatazama uani, upande wa mto Lukuga. Mahali pa kukaa hapapo, sikutaka viti jikoni, kiti kimoja kinaita vingine na viti vinaita watu. Na kile chumba cha nyuma hakipo tena. Tulivunja ukuta, ndiyo sababu jiko limekuwa kubwa. Ukuta ulikuwa umekula maji mpaka ndani, na chumba chenyewe kilikuwa kimejaa makorokoro tu. Ukija kututembelea utalala na Abigaël, yeye hana shida, halali akinyoosha miguu.

Floribert alikuambia maneno gani ambayo si ya barua? Niandikie. Ila vyombo, tafadhali, basi.

Glodie


Kirungu, tarehe 30 mwezi wa tatu 2023

Glodie mwanangu,

Nakusalimu, na nawasalimu wale wanawake kumi na wanane, hasa yule aliyesema mnakula kama watoto wa shule. Dawa imefika na sijaigawa. Inanuka kama samaki wa siku tatu, kwa hiyo nadhani ni dawa kweli. Maharage yamestawi mwaka huu, baridi imeanza kushuka mapema, na kuku wangu wamebaki watano.

Habari ya ukuta nimeisoma mara mbili. Kama ulikuwa umeoza, hapakuwa na la kufanya. Nilikipenda chumba kile kwa sababu asubuhi niliweza kuwasikia mkichemsha chai kabla sijafungua macho.

Umeniuliza kuhusu Floribert. Amerudi, safari hii na ndugu zake wawili na mchumba wa mdogo wao, ambaye ataolewa mwezi wa saba. Wanaume walizunguka nje wakitazama paa. Yule binti aliingia chumbani kwangu akapima pazia kwa mikono yake. Ni binti mzuri, ana adabu. Akaniuliza, "Mama, hii kabati itabakia humu ao utaenda nayo?" Nikamwambia sijui bado. Sheria ninaijua, mwanangu, na karatasi za ndoa ninazo. Lakini kukaa katika nyumba ambamo watu wanakuhesabia siku ni kazi, na mimi nimeshastaafu kazi.

Safari hii natanguliza chungu changu cha maharage. Ni hicho kimoja tu. Mdomo wake umemeguka upande mmoja, unakijua, umekula humo tangu una miaka kumi na miwili. Siku kitakapofika pika kitu ndani yake, chochote, hata maharage yasiyo na mafuta, halafu uniandikie. Baada ya hicho sitatuma kitu kingine.

Nasubiri barua yako. Nikichelewa kujibu jua ni njia, si mimi.

Louise


Kalemie, tarehe 22 mwezi wa nne 2023

Shangazi,

Natumaini barua inakukuta vizuri. Sisi hatujambo, ingawa mimi silali vizuri. Ziwa linapanda tena. Kila asubuhi kabla ya Abigaël kwenda shule nashuka mpaka kwenye jiwe moja pale chini kutazama maji yamefika wapi. Rubens anasema najitesa bure.

Nakuandikia nikiwa nimekasirika, na ni afadhali nikuambie kuliko kujifanya. Nimekuomba mara mbili. Mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili karibu kwa magoti. Umenitumia tenga, ukanitumia birika, kinu, mabeseni, na sasa chungu. Jiko langu si depo la mizigo, Shangazi. Pontien alikiweka juu ya meza, na masizi yake yakaacha duara jeusi kwenye vigae vya meza. Nimelisugua kwa sabuni, nimelisugua kwa majivu na ndimu, limekuwa la kijivu na limekataa kutoka. Sasa kila nikisimama mlangoni jioni jicho langu linakwenda pale tu.

Sitaki kukigawa kwa watu, najua unakipenda. Kwa hiyo nakirudisha. Nimekiosha ndani na nje mpaka masizi yote yametoka, nimekifunga katika blanketi kuukuu, nimekiweka ndani ya katoni na kumwapisha Pontien akibebe mbele, miguuni pake, si nyuma na magunia. Kitafika kizima. Pika wewe maharage yako huko kwenye baridi, chungu hicho kinafaa moto wa kuni, kwangu ni makaa na siku nyingine umeme.

Mimi nakupenda, usidhani vingine. Lakini unanisukuma, na sijui kwa nini husikii. Ile habari ya kabati na yule binti sikuielewa vizuri. Wanakuja kukaa nawe?

Glodie


Kirungu, tarehe 17 mwezi wa tano 2023

Madame Glodie,

Chungu kimefika. Hakikuvunjika. Kilikuwa kisafi sana, asante.

Floribert alikuja kuchukua jibu lake na nimempa. Msalimu Rubens na mtoto.

Usiandike tena kupitia Kirungu.

Louise


Kalemie, tarehe 25 mwezi wa sita 2023

Shangazi yangu, mama yangu,

Sitaanza na habari za mvua. Rubens mzima, Abigaël mzima, basi.

Barua yako ya mistari minne niliisoma nimesimama. "Madame." Tangu nizaliwe hujawahi kuniita hivyo. Nilikasirika kwanza, nilisema moyoni kwamba mtu mzima amenuna kwa sababu ya chungu kilichomeguka. Nilikaa na hasira hiyo wiki tatu, nikifuta meza. Kisha Jumamosi moja Rubens akarudi kutoka Kabimba, nikamwonyesha barua, nikitaka aniambie kwamba nina haki.

Alisoma, akaiweka chini. Akaniuliza, "Ulirudisha chungu?" Nikasema ndiyo. "Hakukuwa kitu ndani?" Nikasema nilikiosha vizuri sana. Akasema, na nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

"Glodie, ile haikukuwa muzigo. Kwetu kule juu, mwanamuke muzee hawezi kusema na kinywa chake 'munipokee'. Anatanguliza chungu. Ukipika ndani, njo umemuitika, anakuja. Ukikirudisha, njo umemukatala. Mama Louise alikuwa anakuomba fasi ya kuishi."

Rubens amezaliwa huko milimani, anajua. Bibi yake aliingia kwao kwa njia hiyo. Mimi nimekulia mjini, Shangazi, umenilea wewe, na hujawahi kunieleza jambo hilo hata siku moja. Nimetoa barua zako zote kabatini nikazisoma upya, na sasa kila kitu kipo wazi, utepe wa Floribert, pazia, kabati, chumba cha nyuma. Nimejiona mpumbavu, na nimejionea aibu, na nimekukasirikia vilevile. Ulifundisha watoto kuandika miaka thelathini na mmoja. Ulinishika mkono huu ninaoandikia. Ukashindwa kuandika "nataka kuja kwako"? Maneno matatu. Ningekuja kukuchukua kwa miguu.

Sasa nikuambie langu, kwa sababu na mimi nimekuficha.

Mwaka ule maji yalipoingia nyumbani, Rubens alikuwa Kabimba. Wote mnajua kwamba tulitoka salama. Hamjui tulivyotoka. Nilimbeba Abigaël, alikuwa na miaka mitatu na nusu, nikamsimamisha juu ya ukuta wa jirani, nikamwambia asisogee. Halafu nikarudi ndani. Nilirudi kuchukua masufuria. Masufuria, Shangazi, na sahani za ndoa, na mtungi wetu wa bluu. Maji yalikuwa magotini wakati naingia na kiunoni wakati natoka, na mimi nimejitwisha beseni limejaa vyombo. Nilipofika kwenye ukuta, mtoto hakuwapo. Mtu mmoja aliyekuwa akisukuma mtumbwi kati ya nyumba alikuwa amemdaka kwa gauni, chini zaidi, karibu na mtaro. Alinikabidhi bila kuniuliza kitu. Alitazama kile nilichobeba kichwani, akasukuma mtumbwi wake akaenda. Beseni lile nililiacha palepale majini.

Sikumwambia mtu. Rubens amejua leo, nilipomsomea barua hii.

Ndiyo sababu jiko langu ni tupu. Watu wanafikiri nimeona mambo ya Ulaya kwenye simu nikayaiga. Mimi kila chombo kinachokaa juu ya meza nakiona kama kitu nitakachorudi kukichukua. Nikitazama meza isiyo na kitu najua kwamba siku maji yakija nitamshika mtoto na kutoka, wala sitageuka. Chungu chako kilipokaa pale nilishikwa na hofu, na hofu yangu hutoka ikiwa hasira, hata wewe umeiona.

Lakini wewe si chombo. Njoo. Fundi anakuja Jumatatu kuinua ule ukuta wa chumba cha nyuma, nimeshaagiza matofali. Utakuwa na mlango wako. Leta chungu, leta kuku, leta chochote. Jikoni nitaweka kiti.

Pontien anakataa kuniambia ulipo, anasema ulimwapisha. Amekubali tu kubeba barua. Nimemtukana, na nitamwomba radhi akirudi na jibu lako.

Nisamehe.

Glodie


Pepa, tarehe 20 mwezi wa saba 2023

Glodie mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwombe Pontien radhi mapema, alitii tu. Niko Pepa, kwa Annie, yule mwalimu mwenzangu tuliyefundisha naye miaka tisa, aliyeolewa huku kwa wafugaji. Upepo wa huku unaingia hata kwenye masikio ya ng'ombe. Navaa makoti mawili na soksi za marehemu Gaspard. Maziwa ni mengi kiasi kwamba magoti yangu yameanza kusahau kulalamika, au labda ni ile dawa yako, sitaki kuinyima sifa.

Barua yako niliisomea uani, na nilipofika kwenye habari ya mtoto juu ya ukuta nilitafuta kigoda nikakaa. Ulikaa na jambo hilo peke yako karibu miaka mitatu. Ningelijua, nisingekutumia hata kijiko. Nilikuwa nimeamua kwamba umepata majivuno, nilimwambia hata Annie hivyo, na nimelazimika kurudi kwake kuyafuta maneno yangu. Ulirudi kuchukua masufuria kwa sababu sisi tuliokulea tulikufundisha kwamba mwanamke asiye na vyombo hana nyumba. Kosa hilo usilibebe peke yako. Mtoto yuko hai na anamchosha mwalimu wake. Mshukuru Mungu, na siku moja mtafute yule mtu wa mtumbwi umwambie jina la mtoto.

Sasa unaniuliza kwa nini sikuandika. Umetaka niandike wazi, basi naandika wazi. Mimi nilikulea. Nikikuandikia "nataka kuja kwako", utaweza kujibu nini? Ungesema ndiyo hata kama hutaki, na mimi ningeishi kwako bila kujua siku zote kama unanitaka au unanilipa malezi. Chungu kinampa mtu nafasi ya kukataa bila kutazamana. Sikufikiri hata kidogo kwamba hukijui. Uliishi kwangu miaka sita nikadhani umeshaona kila kitu, na kumbe pale mjini hakuna mzee aliyewahi kuhamia kwetu kwa njia hiyo ukiwa unatazama. Hilo ni kosa langu, kosa la mwalimu.

Niliumia, Glodie. Nilipofungua ile katoni na kukuta ulivyokisugua, masizi ya miaka arobaini yametoka yote, nilikaa sakafuni. Nililia jinsi ambavyo sikulia hata kwenye matanga ya Gaspard. Kisha nikafanya haraka, kwa sababu Floribert alikuwa anakuja Ijumaa kuchukua jibu, ni lini nitawaachia nyumba. Pontien alikuwa na safari ya kupanda Pepa kuchukua viazi. Nikamrudishia chungu hichohicho ndani ya blanketi lako, nikamwambia akipeleke kwa Annie. Alirudi siku ya pili na bakuli limefunikwa kitambaa, maharage yameganda kwa baridi. Annie alikuwa amepika ndani yake kabla Pontien hajamaliza kupakia. Niliyala yakiwa ya baridi, nimesimama, na nikaanza kufunga nguo zangu.

Kwa hiyo ule ukuta usiujenge kwa ajili yangu. Ukiwa umeshauinua, mweke Abigaël huko, usichana unakuja na atataka mlango. Mimi sitakuja kuishi Kalemie. Si kwa hasira. Hasira imekwisha, ilikwisha kwenye ukurasa wako wa pili. Lakini Annie aliniitikia wakati sina mahali, na sasa chungu kiko mekoni pake, anapika humo kila siku. Nikikiondoa leo kwa sababu nimepata pazuri zaidi, nitakuwa nimemfanyia yeye kile nilichofanyiwa, na mimi siwezi kusema kwamba sikujua maana yake. Ningependa kuja. Nakuambia hivyo ili usije ukadhani sikupenda. Kila asubuhi nikisikia Annie akichemsha maji nadhani kwanza ni wewe, mpaka nifungue macho.

Jiko lako liache tupu kama unavyolitaka, na asikucheke mtu. Nikipata habari kwamba ziwa limepanda sitauliza umeokoa nini.

Shule zikifungwa tena, pandeni na lori la Pontien, wewe na mtoto. Nyumba hii ina vyumba viwili na watu saba, na jikoni huwezi kupiga hatua bila kugonga sufuria la mtu. Jana nilimwuliza Annie kama mtapata mahali pa kulala. Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali, akaendelea kupika.

Shangazi yako,
Louise